Kamera Yenye Kioo Ndani

Jumatatu, 4 Mei 1959

Maandazi yameisha mapema, kama siku zote. Dodoma nzima hakuna mkono kama wangu. Mwanangu Zuhura, mwalimu wa shule ya wasichana, anataka kamera. Ya kwake mwenyewe, ya kutumia kila siku. Jumamosi Mwanaidi, binti wa dada yangu, anaolewa, na upande wa wanawake mpiga picha mwanamume haingii. Zuhura ameahidi kupiga yeye. Nani mwingine ana binti kama huyu? Nimesema kuchagua nitachagua mimi. Wenye maduka nawajua.

Jumanne, 5 Mei

Dukani kwa Bwana Jivan. Katoa mbili. Ya kwanza kisanduku chepesi, unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni. Zuhura hakuitaka, anasema inakata watu vichwa. Ya pili nzito, imeshatumika, ina kioo ndani. Unachokiona kwenye lenzi ndicho kitakachotoka. Zuhura kaipakata kama mtoto mchanga.

Mimi nikamtazama Bwana Jivan. Kila Zuhura akibonyeza, yule bwana anaichukua upesi, anazungusha kitu kwa kidole gumba, ndipo anairudisha. Mara nne. Anaficha nini? Tena eti kuna karani wa reli anaitaka. Kila duka lina karani wake wa reli.

Katuachia twende nayo nyumbani tukaijaribu, bila filamu. Wema huo nao sikuupenda.

Jumatano, 6 Mei

Zuhura yuko shuleni. Nimeichukua. Nimemwona kuku wangu mle ndani, safi, hadi manyoya. Nikabonyeza. Pa. Giza. Nikafuta, nikapuliza, nikageukia jua. Giza tupu. Nilijua mimi.

Nikaenda dukani peke yangu. Watu wamejaa. Nikaiweka mezani. "Bwana Jivan, umempa mwanangu kamera kipofu."

Hakubisha. Kazungusha kwa kidole gumba, kanipa nichungulie. Duka zima limo, na watu wote wananitazama mimi.

"Ukibonyeza kioo kinapanda, Mama Zuhura. Hakishuki mpaka uzungushe hapa. Za aina hii ndivyo zilivyo."

Nikaona aibu, na aibu ikanizidishia ukali. Nikasema ibaki hukohuko. Nikaondoka.

Alhamisi, 7 Mei

Zuhura amejua kuwa nimeirudisha. Hakupiga kelele. Angepiga ningejibu. Kasema tu, "Mama, ungeniuliza. Ningekuonyesha."

Kalala bila kula. Kumbe habari ya kioo aliijua tangu Jumanne. Nimemsomesha mwenyewe, najisifu kwa kila jirani, kisha sikumuuliza.

Ijumaa, 8 Mei

Tumekwenda wote wawili. Kamera ipo. Na karani wa reli yupo, mtu kweli, kofia kwapani. Jumatano alikuwamo dukani, akanisikia, akaghairi. Leo anageuzageuza kile kisanduku. Kwa hiyo kamera imebaki kwa sababu ya maneno yangu. Leo ningenyamaza tu, Zuhura angeichukua tukaenda zetu.

Nilichokisema mbele za watu nikakifuta mbele za watu. Kamera ni nzima. Asiyejua nilikuwa mimi.

Karani akaweka kisanduku chini, akanyoosha mkono kuichukua kamera. Bwana Jivan akawahi kuishika.

"Binti alitangulia," kasema.

"Jumatano hukusema hivyo," karani kanuna.

"Jumatano hukuitaka."

Zuhura kalipa kwa mshahara wake. Njia nzima alitangulia mbele yangu, kamera kifuani.

Jumamosi, 9 Mei

Upande wa wanawake. Mitandio imevuliwa, nywele na dhahabu viko wazi, hakuna wa kumwogopa. Zuhura kampiga picha bibi harusi, kawapiga mashangazi. Hata mama mkwe, aliyeapa hapigwi, kapigwa mara mbili. Kidole gumba kinakwenda chenyewe.

Mimi nimeshinda kwenye masufuria ya pilau. Sikutaka kumsogelea.

Alasiri kaja mpaka mlangoni.

"Mama, toka kwenye moshi. Simama hapa penye mwanga."

Nikafunga kanga vizuri. Nikasimama.