Kupungua kwa Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kapungua tena. Mshale wa mizani umesimama chini ya pale uliposimama wiki jana, na darasa zima likapiga makofi. Kashuka kwa madaha, mkono kiunoni, kama bibi harusi anayepigwa picha. Mwalimu ni mimi. Aliyeandika ubaoni nusu sahani iwe mboga, punguza mafuta, tembea, kunywa maji, ni mimi. Na mwenzenu mizani yangu imegoma tangu mwaka uanze. Haya. Nimepiga makofi kuliko wote.

Meneja wa kituo cha jamii kaniita ofisini. Tunamwita Bwana Ratiba, maana hata chafya anakupangia muda wake. Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya wageni: watakuja kuona kama darasa hili la mazoezi na mapishi lina faida au ukumbi urudi kukodishwa kwa sherehe. Anataka picha kubwa ya wifi langoni. Upande huu zamani, upande ule sasa. Nikakubali. Ningekataaje?

Jumatano, 5 Machi

Leo mapishi. Maharage bila mafuta, na manung'uniko kama kawaida. Wifi katoka kwenda msalani, karudi, katoka tena. Ile chupa yake kubwa ya maji haimwachi mkononi. "Mtazameni mwenzenu," nikawaambia, "hayo maji anayokunywa ndiyo yanayomsafisha." Mmoja akasema basi huyu kawa bomba. Wifi kacheka mpaka kashika meza.

Mwaka jana usingemtania hivyo ukatoka salama. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, kwa hiyo mimi nimepata wifi na mama mkwe kwa mpigo. Miaka yote chakula changu kina chumvi nyingi au hakina kabisa. Leo kaonja maharage akasema, "Hapa umepatia, wifi." Furaha imemlainisha, na mimi, Mungu anisamehe, ilinikera kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkamata!

Nyuma ya kituo, kibanda cha chipsi. Nilipita njia ya mkato, nikamkuta kwenye benchi na sahani iliyojaa, soda kubwa mkononi na nyingine tupu miguuni. Mwenye kibanda ananisalimia kwa uchangamfu: huyu mama ni mteja wake wa kila siku, kamwongezea kachumbari bure. Kila siku!

"Wifi, usinitazame hivyo," akasema. "Nina njaa. Nakula nashiba, nageuka tu, njaa ile ile."

Nikamuuliza, na ile picha langoni? Na mimi ninayesimama mbele za watu kumtolea mfano?

Kaweka uma chini. "Usiniharibie. Tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa makofi."

Nimeondoka bila kuaga. Njia nzima nimekuwa nikitunga hotuba ya kumwumbua.

Jumapili, 9 Machi

Hasira imeisha. Kilichokuja badala yake ni kibaya zaidi.

Wifi alikula hapa kwetu mchana. Jagi zima la juisi kamaliza peke yake. Kaenda chooni, karudi, kaenda. Ujumbe ulipoingia kwenye simu yake, kaisogeza mbali, kaivuta karibu, mwisho akampa mdogo wake, mume wangu, amsomee. Mimi nilikuwa naosha vyombo, bado natunga hotuba yangu, na lile swali likanijia la kijinga kabisa: kama anakula vile kila siku, anapunguaje?

Nikasimama na sahani mkononi, maji yanamwagika.

Kiu isiyoisha. Kukojoa kila mara. Njaa. Macho kufifia. Mwili kuisha wakati unakula. Dalili za kisukari. Niliziandika ubaoni mwenyewe mwezi wa kwanza, kwa chaki nyekundu, na wifi amekaa mstari wa mbele! Muuguzi alipokuja kutupima, yeye alikwepa, eti simba hamwogopi lakini sindano hapana. Tukacheka. Na kila dalili iliyojitokeza tangu hapo nimeipigia makofi mimi mwenyewe, mbele za watu. Naogopa. Sijui kama ni kweli, lakini naogopa sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anafunga viatu. Kasema mlitaka apungue, kapungua, sasa mnataka awe mgonjwa? Nikamweleza moja moja. Akasikiliza, akasimama, akasema, "Mwache dada afurahi mpaka Jumamosi. Halafu tutampeleka."

Halafu, akiwa mlangoni: "Una hakika si wivu?"

Nilitaka kumrushia kiatu. Lakini baada ya yeye kuondoka nilijiuliza vilevile, nikiwa peke yangu, na jibu halikuja haraka kama nilivyotaka. Wivu ninao. Na wifi anaumwa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, lakini nani atanielewa?

Jumanne, 11 Machi

Sikungoja Jumamosi. Nimemfuata kwa fundi cherehani. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na gauni la siku ya wageni, fundi kapiga magoti na pini mdomoni, analibana kwa mara nyingine. Alilibana wiki jana tu. Mifupa ya bega la wifi inaonekana. Kwenye kisigino ana kidonda kilichofungwa kitambaa. Viatu vipya, anasema. Viatu hivyo kanunua zamani.

Nikasema taratibu, kwa adabu zote, twende ukapimwe sukari, wifi yangu. Nitakushika mkono. Dakika moja tu.

Kanitazama kwenye kioo, hakugeuka. "Nilijua utasema. Nilikuwa nasubiri siku tu."

"Si hivyo, wifi."

"Nilipokuwa mnene mlinicheka. Nimepungua, naumwa. Hebu niambie, mimi nilikuwa mzima lini?"

Fundi akawa kama kiti, hapumui. Wifi akamwambia aendelee kubana, na mimi nikatoka nje, nikalia pale kwenye ngazi kama mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Wifi hakuja darasani. Picha imeshatundikwa langoni. Upande wa "sasa", mashavu yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa. Kila anayepita anasema kapendeza.

Nimemwomba Bwana Ratiba aishushe. Nikamwambia nahisi ni ugonjwa. Kaniuliza kama nina cheti cha daktari. Sina. Basi, kasema, hisia zangu tuzipangie Jumatatu.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi kaleta salamu kupitia mume wangu: kesho atazungumza mbele ya wageni, na mimi nisimsogelee.

Mume wangu katoka kwa dada yake jioni, kapitiliza moja kwa moja jikoni. Nikamchimba. Anasema alimkuta dada amelala tangu adhuhuri, kamwita mara kadhaa ndipo akaamka, midomo imekauka. Kamwomba waende hospitali usiku huu huu. Akafukuzwa. Sasa anakunywa chai ambayo imeshapoa, haniangalii. Hakusema nilikuwa sahihi na mimi sikutaka aseme. Natamani kwa roho yangu yote niwe mwenye wivu tu, nitukanwe, yaishe.

Jumamosi, 15 Machi

Hospitali. Naandika haraka.

Ukumbi ulijaa. Wageni mbele, wifi kiti cha mwisho wa safu, gauni limemkaa vizuri mno. Mimi nilikaa mbali kama nilivyoamriwa. Bwana Ratiba akamkaribisha. Makofi. Wifi akasimama, akakaa. Watu wakadhani anaona haya. Akasimama tena, na safari hii hakutazama jukwaa, alinitafuta mimi. Nilipomfikia alikuwa anavuta pumzi ndefu ndefu kama aliyekimbia. "Nishike, wifi," akasema. "Sikuoni vizuri."

Tulimtoa mlango wa nyuma, mimi huku, mume wangu huku. Nilidhani atakuwa mzito. Hakuwa na uzito wowote.

Hapa wamemtoboa kidole, hata hakuguna. Kile kipimo hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko juu kuliko kinavyoweza kusoma. Muuguzi akauliza: alikuwa na kiu? Anakojoa sana? Anapungua? Kila swali, mume wangu anaitika kwa kichwa. "Na nyumbani hamkuona?"

Tuliona. Nikamvua wifi kiatu, nikamwonyesha kidonda.

Dripu mbili. Daktari anasema tumewahi, lakini kile kidonda cha mguu kinamtia wasiwasi, na usiku wa leo ndio wa kuangalia. Mume wangu katumwa dawa. Bwana Ratiba kapiga simu, nimekata. Katuma ujumbe: wageni wamesimama mbele ya picha, wanamuulizia, niwaambie nini? Sijajibu.

Kafumbua macho sasa hivi. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana.

"Wifi."

"Nipo."

"Kumbe makofi yote yale yalikuwa ya ugonjwa."

Nikamwambia apumzike, asiongee.

"Nakuuliza. Zile asubuhi nilizotembea nanyi, magoti yanawaka moto. Zile wiki za mwanzo, kabla sijaanza kwenda kule kwa chipsi, nilipokuwa nakula majani kama mbuzi na kulala njaa." Akameza mate ambayo hana. "Katika zote zile hakuna hata kilo moja niliyoipunguza mimi mwenyewe?"

Mimi ndiye mwalimu. Najua daktari angesema nini: hakuna anayeweza kuzitenganisha kilo zake na za ugonjwa. Najua pia kwamba nikimdanganya huyu mwanamke leo atajua, na hataniamini nitakapomwambia kuhusu sindano za kila siku, wala kuhusu mguu.

Nimejifanya naandika maelekezo ya muuguzi. Ananitazama bado. Hajafumba macho, anasubiri. Naweka kalamu chini, nimwambie ukweli huo.