Kasi ya Shangazi

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na ule mkono ulioungua kwenye tanuri umeshapona. Mama anauliza kila siku kama unaufunga kitambaa safi au unaupuuza kama ulivyokuwa ukipuuza magoti yako utotoni. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kugomba haijapungua hata chembe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Shangazi naye mzima, mashine yake ya kufumia inalia kutwa, maana shule mbili zimeagiza masweta kwa mpigo.

Najua utashangaa kwa nini nimekaa kuandika kwa kalamu wakati simu zipo. Nyumba yetu unaijua. Nikiongea na simu chumbani, shangazi anasikia. Nikinong'ona, ndiyo anasikia zaidi. Na mimi unanijua, jambo zito nikitaka kulisema linaishia kooni. Si bure mkaniita Mnong'ono.

Kwanza nikupe habari za ile simu uliyomtumia shangazi. Siku ya kwanza aliishika, akaipapasa pembe zote, akasema mwanangu ana moyo mzuri lakini kaniletea kigae. Nikamwashia kisoma-skrini, yaani ile sauti inayokutajia kila kitu kidole kinapogusa kioo. Sauti ikaanza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya ile lugha nyingine tunayosomea shuleni, na shangazi akacheka mpaka akadondosha uzi. Akasema huyo ni mgeni aliyeshuka jana na tayari anataka kumwongoza mwenyeji. Nikachokonoa mipangilio mpaka nikapata sauti ya Kiswahili, wakapatana. Baada ya wiki tatu alikuwa ameiongezea kasi hadi mimi nikawa nasikia mlio tu, kama mbegu zikimwagwa kwenye bati. Yeye anaelewa kila neno na bado anasema inajikokota.

Alichotaka hasa ni podikasti. Tangu macho yamzimike miaka minne iliyopita redio ndiyo mwenzake, lakini redio inasema inachotaka, saa inayotaka. Alisikia kuna vipindi unachagua mwenyewe, unasimamisha, unarudisha nyuma. Akaniagiza nimtafutie programu ya kuvisikilizia, kwa sharti moja: aweze kuitumia peke yake, kuanzia kutafuta kipindi hadi kukizima, bila kumwita mtu. Alisema amechoka kuita watu wamfungulie, wamwonyeshe, wambonyezee. Kama hilo haliwezekani, simu irudi kwako na yeye arudi kwenye redio, asiongezewe kitu kingine cha kuombea msaada. Hakusema kwa hasira. Alisema huku anahesabu mistari ya sweta, ndiyo maana nikajua anamaanisha.

Nikajiona mtaalamu. Programu ya kwanza niliichagua kwa macho, kaka, kwa macho! Ilikuwa na picha nzuri na rangi ya zambarau. Shangazi alipopitisha kidole, sauti ikasema kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Waliotengeneza hawakukipa jina hata kimoja. Shangazi akauliza hao wote ni watoto wa baba gani, mbona jina ni moja. Ya pili ilikuwa na majina, ila kila tangazo lilipoingia alijikuta ametupwa juu kabisa ya ukurasa, akaanza kushuka upya kama mtu aliyefukuzwa kwenye foleni.

Hapo ndipo nilipopata akili. Nikajifunga mtandio wa mama machoni, nikajipa mtihani: nitafute kipindi, nikifungulie, nikisimamishe, nirudi nyuma sekunde thelathini, nibadilishe kasi. Mama akanikuta nimefungwa macho nabishana na simu, akamwita wifi yake aje aone mtoto wao anavyochanganyikiwa. Shangazi akasema nisiguswe, leo kwa mara ya kwanza nafanya kazi. Kisha akaniambia na mimi nisijidanganye sana, maana mtandio unavuliwa.

Programu ya tatu ilifaulu yote. Sura yake mbaya, imepauka kama fomu ya hospitali, lakini kila kitufe kinajitaja. Orodha inakusomea jina la kipindi, tarehe na dakika zilizobaki, na ukigonga kioo mara mbili kwa vidole viwili kipindi kinasimama, popote ulipo, hata kama mikono imejaa nyuzi. Ndiyo hasa aliyoihitaji.

Na hapa, kaka, ndipo ninapoona haya. Sikumpa. Nilimwambia ya tatu nayo haifai, nikamwachia ile ya pili. Siku kumi na mbili nilimsikia akitupwa juu na kushuka tena, akiniita kila jioni nimtoe kwenye tangazo, na kila akiniita sauti yake ilikuwa fupi zaidi. Siku ya kumi na tatu hakuniita. Alizima simu, akaifunga kwenye kile kitambaa ulichoifungia ulipoituma, akaiweka juu ya rafu na kuniambia nitafute mtu wa kukurudishia.

Sababu ni hii, na usiisome kwa sauti mbele ya wenzako kazini. Ile programu ya tatu ukiifungua, mbele kabisa inakuorodheshea vipindi vipya vya Kiswahili. Ni vichache. Cha nne kutoka juu ni changu.

Ndiyo, changu. Tangu mwaka jana narekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, wakati mashine ya shangazi inalia. Kinaitwa Njia ya Kurudi. Nasimulia nilichokiona kutoka shule hadi nyumbani: fundi viatu aliyepaka mlango wake rangi ya chungwa na sasa anajuta, au wale wasichana wawili waliogombana, kila mmoja na upande wake wa barabara lakini hatua zao bado zinalingana. Nilianza kwa ajili ya shangazi. Nilitaka nimsimulie vitu asivyoviona tena, lakini nikifika mbele yake naamkia tu na kwenda kubadili nguo. Shuleni wananisifu kwamba nina lugha mbili. Ukweli ni kwamba nanyamaza kwa zote mbili. Kabatini ndiko ninakoongea. Wasikilizaji wangu walikuwa kumi na mmoja, watu nisiowajua, na nilikuwa na raha nao. Niliyemwogopa ni mmoja tu.

Usiku ule niliitazama simu ilivyofungwa pale juu ya rafu. Kesho yake nikaishusha, nikamwekea ile ya tatu, nikamwambia nimepata nyingine. Nilijipa moyo kwa jambo moja: shangazi anasikiliza kila kitu kwa kasi mara mbili na nusu. Nilijaribu kusikiliza kipindi changu kwa kasi hiyo na sikujitambua kabisa, nilikuwa kama kuku aliyeudhiwa. Nikasema basi, hatanijua.

Alikipata siku ya pili. Sehemu zote kumi na nne alizimaliza mchana mmoja, akiwa amefuma mikono minne ya masweta. Juma lililofuata akaniita nimwandikie barua pepe kwa mtangazaji. Nilishangaa, maana kutuma ujumbe kwa kuutamka alishajua, lakini akasema huko si kuomba msaada, ni kumpa mpwa wake kazi. Akaanza kunitajia. Kwamba kipindi ni kizuri. Kwamba msimulizi anameza maneno ya mwisho, kama anaogopa yatamrudi. Kwamba aeleze yule fundi viatu anajuta nini, asiwaache watu njiani. Kwamba aache kuomba samahani kila akikohoa, kwani nani kamshitaki? Niliandika yote. Mwishoni akasema niongeze kwamba akimaliza kurekodi alitundike lile koti lake la shule, maana wiki nzima liko sakafuni na yeye shangazi ndiye anayelikanyaga.

Kaka, niliacha kuandika. Nikamwuliza amejua lini. Akasema kwenye neno la kwanza. Nikamwambia lakini ile kasi. Alicheka sana. Alisema mimi ndiye ninayeiita kasi, kwake yeye huo ndio mwendo wa watu kuongea, na mtoto aliyemlea hawezi kumpotea eti kwa sababu anakimbia.

Basi nikamwambia na lile la siku kumi na mbili. Hilo hakulijua. Aliondoa mkono kwenye mashine, nikamsikia mama akimenya vitu jikoni. Alisema siku zile aliamini akili yake nayo imeanza kufuata macho. Alisema angeweza kunisamehe kipindi, hata koti, lakini hilo linahitaji muda kidogo. Nililia, na hakunizuia. Baadaye akatamka adhabu: hiyo ndiyo itakuwa sehemu ya kumi na tano, nisimulie jinsi nilivyomchagulia programu na jinsi nilivyomficha, kwa sauti kamili, naye awepo.

Tumerekodi jana, wawili ndani ya kabati, magoti kwa magoti. Mama alipita akaona miguu minne imetokeza chini ya makoti, akasema ugonjwa umeingia kwa wakubwa. Nilifika pale kwenye siku ya kumi na tatu nikakwama. Shangazi akanipiga kiwiko cha mbavu. Nikaendelea mpaka mwisho.

Simu haitarudi kwako tena. Shangazi anakushukuru na anataka vipimo vya kifua na mikono yako, kuna uzi wa kijivu umebaki. Mama anasema ukiumwa usifiche. Wasalimie wote mnaoamka nao alfajiri hapo kwenye mikate, na wewe pokea salamu zangu nyingi kuliko zote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mnong'ono