Salamu ya Chini ya Ngazi

Zaina mujukuu wangu,

Pokea salamu za hapa Kasuku. Sote tuko wazima. Dada yako amejifungua musichana, na mimi ningali natembea na magongo yangu.

Unasema Leta, ile serikali, inataka kukata pesa ya kituo chenu cha walemavu, na biro ya mukubwa, kule anakofanyia kazi, iko juu kwenye etaje, ghorofani. Unauliza nani atawabeba kupanda ngazi.

Wakati wa vita walitaka kukata pesa ya kituo chetu sisi walemavu vilevile. Mukubwa wa siku zile naye alikuwa juu. Watu wa biro yake wakatuambia: "Tumeni mwenye miguu mizima." Mama Sifa, mwenzetu kipofu, akakataa. Akaita kwa sauti: "Asalaam aleikum, mwenye nyumba! Wageni tuko mulangoni."

Tukakaa chini ya ngazi, akaita tena na tena. Huku kwetu mugeni hapokelewi kutoka juu. Wapita njia wakaanza kuulizana: mukubwa huyu alilelewa na nani?

Ile salamu njo ilimushusha. Akatushika mikono, mumoja mumoja. Muntu uliyemushika mukono, utamuambiaje pesa yake imekatwa? Pesa yetu ilibaki.

Basi musibebwe. Pigeni hodi pale chini, kwa adabu, na musiondoke. Ngazi ni yake, ashuke yeye.

Bibi yako,
Mwajuma