Waya wa Gari la Mama Atieno

Migori, Alhamisi, Mei 1996

Kumbe ni mimi. Wiki tatu nzima gari kuukuu la Mama Atieno limekuwa likizima ghafla barabarani, kisha akiliwasha tena linawaka kama kawaida. Hapa gereji halikuzima hata mara moja. Nikamwambia labda ni yeye hajui kuliendesha.

Leo niliketi kando yake tukaelekea Homa Bay. Tulipofika kwenye matuta ya Rongo, likazima. Niliinama chini ya usukani, nikashika nyaya moja moja. Waya wa swichi ya kuwashia injini ulikuwa umelegea pale ulipoungwa. Niliuunga mwenyewe mwaka jana, kwa haraka.

Yeye ni mkunga, mambo ya nyaya hayajui. Angeamini chochote ambacho ningesema.

"Mama, kosa ni langu. Nilifunga vibaya."

Hakukasirika. Alitazama tu barabara.

"Fundi, wiki jana lilizima nikimpeleka mama mwenye uchungu hospitali. Nilimwomba msamaha, nikamwambia ni mimi sijui kuendesha."

Walifika salama, yule mama akajifungua msichana. Nashukuru Mungu. Lakini afadhali Mama Atieno angenigombeza.