Chai ya Faini

Ijumaa, Sabato imeshaingia

Nimeimba na watoto, Bwana, lakini moyo umekataa kutulia.

Pale hospitalini ninapopikia madaktari chai, yule mkubwa wao ana mchezo wake. Daktari mdogo akimwita bure, kesho yake faini yake ni kuwamiminia wenzake chai huku wakimpigia makofi. Wiki jana ilikuwa zamu ya Daktari Kerubo. Alikuwa amemwita kwa mgonjwa aliyejaa gesi tu. Walimcheka mpaka machozi.

Jana mchana mkubwa alikuwa ameenda mjini Keroka. Mama mmoja wa Itumbe, aliyejifungua asubuhi, tumbo likaanza kujaa. Nikamwona Kerubo anashika simu, anaiweka, anaishika tena.

"Mpigie, mwanangu," nikamwambia.

"Na kama ni gesi tena, mama?"

Alipompigia hatimaye, yule mama wa Itumbe alikuwa anakata roho.

Leo mkubwa amemuuliza Kerubo mbele ya wote, "Mbona hukuniita mapema?" Wenzake wakatazama vikombe.

"Basi faini ni ile ile. Mimina."

Akamimina. Kile kichanga kilikuwa kinalia ng'ambo ya ukuta. Makofi hawakupiga, lakini chai walikunywa wote. Mmoja akaniomba sukari, nami nikampa.