Majaketi Okozi Juu ya Moto

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Nimejiahidi: safari hii naiandika yote, hata ya aibu. Kesho klabu yetu ya shule inakwenda kwenye bwawa la shamba la chai, kule chini ya Soni, kuendesha kayaki! Ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, unakaa umenyoosha miguu. Nimefungasha nguo za kubadili, kanga ya kujifutia na viazi vya kuchemsha. Bibi Efrazia anashangaa – watu wa milimani tunatafuta nini majini? Ameniongezea sweta la pili.

Jumamosi, 2 Agosti

Sijui nianzie wapi! Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakagongana. Mimi mbele, rafiki yangu Sharifa nyuma, tukazunguka palepale. Kaka Heri, mwenye kayaki, akapaza sauti: "Nyie mabinti, mnasonga ugali?"

"Subiri, utaula!" Sharifa akamjibu.

Kisha makasia yakapatana, tukaenda – kweli tulikwenda! Milima yote ikawa chini yetu, ndani ya maji. Nilipiga kelele bila kujua.

Wakati wa kuondoka Madam Dorkasi, mlezi wa klabu, akanipa majaketi okozi manne, yale ya kutuelesha tukianguka majini, nikayafue. Jumatatu yarudi safi na makavu. Nikifaulu, nitakuwa mtunza vifaa, na mtunza vifaa huenda kila safari. Kila safari! Nikasema tu, "Sawa, madam." Lakini moyo!

Jumapili, 3 Agosti

Nimefua kabla ya ibada. Matope yametoka. Ila ukungu haujaondoka kutwa, hata kamba inadondosha maji. Jioni Bibi akanionyesha juu ya moto jikoni, tunapokaushia mahindi. Akasema, kama mahindi yanakauka pale, haya yatashindwaje? Nikaona ni akili. Tumeyatundika.

Jumatatu, 4 Agosti

Makavu kabisa! Lakini yalikuwa ya rangi ya machungwa. Sasa ni kama chai ya rangi. Na moshi! Bibi ameyanusa, anasema wadudu hawatayagusa milele. Nilitaka kulia, nikacheka. Halafu nikaogopa – bado yanaelea? Tukajaza pipa maji, tukafungia tofali kwenye kila moja. Yote manne yakaelea! Bibi akapiga kigelegele, akavaa moja na kukoroga uji akiwa amelivaa.

Shuleni Sharifa akabana pua: "Mwenzetu, tunakwenda bwawani au kuuza mahindi ya kuchoma?"

Nilimweleza madam yote, na pipa pia, maana yalikuwa yamelowa tena. Akanusa, akageukia ukutani. Mabega yakamtikisika. Sikujua ni hasira au kicheko. Akasema joto huweza kuharibu sponji ya ndani inayoyaelesha, lazima Kaka Heri ayakague leo hii.

Sasa ni jioni. Nimeomba simu ya mama, nimeandika:

"Shikamoo madam. Ni Loveness. Kaka Heri amesemaje? Kama ni mazima, lenye moshi kuliko yote nitalivaa mimi. Naomba unijibu leo: je, kazi ya vifaa bado ni yangu?"