Kabla Hujaizima Kompyuta

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Ndhiwa tu wazima, mama yako anapalilia. Mimi niliyekufundisha kompyuta sijatulia tangu uniulize kama ufute kile kipande kidogo cha diski kilichofichwa, upate nafasi ya kuweka mfumo wa tatu wa kuendeshea kompyuta.

Nilipoolewa, nilisafisha jiko la mama mkwe. Juu ya moto kulining'inia kibuyu cheusi kwa masizi, mdomo umezibwa kwa samadi. Nikakipasua, nikapika mtama uliokuwamo. Mama mkwe alikula, akasifu, kisha akauliza nimeutoa wapi. Ilikuwa mbegu yetu. Hakunigombeza. Alibaki akitazama shamba lililokwisha kulimwa.

Mifumo yako yote huanza kuwaka kutoka kipande hicho. Kama umeshakifuta, usiizime kompyuta. Nipigie sasa hivi.

Bibi yako